Bajeti Anunua kwa Jumla

Ilianzia kwenye redio. Gundi, fundi viatu mwenye benchi letu, huiweka juu ya kopo la misumari, na siku hiyo ikatangaza kwamba mafuta ya kupikia yamepanda tena. Akaletwa mtaalamu mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeshiba. Akasema dawa ni moja tu: nunueni kwa jumla, mara moja kwa mwezi, kwa sababu rejareja ndiyo inayowamaliza.

"Umesikia?" Gundi akamgeukia Chaki, mwalimu mstaafu. "Wake zetu kila siku robo kilo, robo kilo. Ndiyo maana hatuendelei."

"Zima hiyo redio kabla sijaipiga teke!"

Tukageuka. Alikuwa Bajeti, kinyozi wa mlango wa pili. Jina tulimpa sisi, maana hata kipande cha sabuni ana mpango nacho. Alikuja na mfuko wa vitunguu, vingi vikiwa vimeota majani.

"Kaa kwanza," nikamsogezea nafasi. "Mtaalamu kakukosea nini?"

"Namuuliza swali moja tu. Ana mke?"

"Redio haiulizwi," akasema Chaki. "Eleza."

Bajeti akashusha pumzi. "Mwezi uliopita nilimkalisha mke wangu. Nikamwambia, mama watoto, pesa ninayoacha hapa inakwenda wapi? Mwezi haujafika nusu tayari nasikia chumvi, nasikia sukari. Kuna mahali panavuja."

"Akabisha?"

"Hakubisha hata neno. Aliinuka, akaleta kikapu, akanikabidhi kwa mikono miwili. 'Mwezi huu utanunua wewe, mume wangu.'"

"Yarabi!" Gundi akaweka nyundo chini. "Hapo ndipo ungetoka mbio. Mwanamke akibisha, mna mazungumzo. Asipobisha, una kesi."

"Nilidhani nimeshinda, bwana! Kesho yake nikaenda kwa wauza jumla, kifua mbele. Gunia la vitunguu, bei ya kutupa. Katoni ya sabuni. Dumu la mafuta. Kila nikiuliza bei nacheka mwenyewe, nasema kumbe nilikuwa naibiwa. Nikageuka kununua mchele, mfukoni nauli tu."

"Subiri kidogo," Chaki akainua kidole kama yuko darasani. "Una sabuni ya miezi mitatu, na huna cha kuchafulia sufuria?"

Tulicheka mpaka mteja wa Gundi aliyekuwa anasubiri kiatu akiwa na soksi moja naye akajiunga bila kujua chanzo.

"Chekeni. Ikabidi pesa ya mboga ya wiki nzima, iliyobaki nyumbani, iende kwenye mchele. Tukala vitunguu vya kukaanga, vitunguu vya kuchemsha, vitunguu vibichi. Binti yangu wa darasa la pili alimwambia mwalimu kwamba kwetu tunakula kitunguu kwa kitunguu chake. Gunia lenyewe niliweka ukumbini, likaanza kuota. Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni, akauliza, 'Baba, mmeanza kilimo?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimkaribisha chakula. Akasema ameshiba."

Gundi alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha dawa ya viatu, na uso ukazidi kuwa mweusi.

"Tarehe kumi na mbili," Bajeti akashusha sauti, "ikaisha. Hakuna pesa. Nikaingia ndani, mke wangu yuko kwenye charahani anashona sare za shule za watu. Nikamwambia, mama watoto, imeisha. Hakuinua hata uso. Akauliza, 'Leo tarehe ngapi?' Nikasema kumi na mbili. Akasema, 'Umejitahidi. Mimi huniishia tarehe tisa.'"

Gundi akashusha kitambaa.

"Nikamuuliza, na siku zinazobaki? Akaionyesha ile charahani kwa kidevu. Basi. Miaka sita, jamani. Mimi nilijua anashona apate pesa ya kusuka nywele. Kumbe nyama ninayokula na kujisifu nimelisha familia, nusu imetoka kwenye sindano."

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nilikaa sakafuni nikaanza kumenya vitunguu. Angalau machozi yapate sababu."

Chaki akamgusa bega. "Na sasa?"

"Sasa tunakwenda sokoni wote wawili. Nimeona mambo! Anasubiri saa ambayo wauzaji wanafikiria kurudi nyumbani, hapo bei inashuka yenyewe. Nyanya zilizoiva sana anachukua za mchuzi wa siku hiyo, ngumu za keshokutwa. Gunia la vitunguu naye hununua, ila wanachanga wanawake wanne na kugawana. Akaniambia, 'Jumla si mbaya. Ubaya ni kuinunua peke yako.' Na pesa ya nyumbani nimeongeza."

"Umeitoa wapi?" Gundi akadakia.

Bajeti akajikuna kisogo. "Nilikuwa naagiza mayai matatu kila asubuhi. Nakula nyuma ya kioo, wateja wasione."

"Kumbe palipokuwa panavuja ni tumboni mwako!" akasema Chaki.

Gundi akajitutumua. "Ndiyo maana mimi sina ugomvi. Naacha pesa juu ya kabati, siulizi kitu. Jioni nakuta chakula."

"Unaacha ileile?" Chaki akauliza taratibu.

"Ileile. Mimi mtu wa msimamo."

"Tangu lini?"

Gundi akafikiri. "Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe."

"Yule niliyemnyoa ndevu juzi?" akauliza Bajeti.

Gundi aliangalia kiatu alichoshika kama kimeandikwa kitu. Halafu akafuta mikono kwenye aproni, akatoa simu. Simu yake imeharibika, haisikiki mpaka kwa spika, kwa hiyo tulisikia wote ikiita.

"Abee, mume wangu," sauti ya mkewe ikapokea.

"Ee... habari za hapo?"

"Nzuri. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nauliza tu." Akakohoa. "Hivi, mchele kilo moja siku hizi ni bei gani?"

Tulisikia kijiko kikiwekwa juu ya meza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Huyo mwanamke unayetaka kumlisha ni nani?"