Hujabonyeza Saa, Mwenyekiti

Mheshimiwa Mlezi wa Chama cha Sataranji, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mlezi, ambaye naye ametuma udhuru, Ndugu Mwakilishi wa huyo Mwakilishi, uliyesaini kitabu cha wageni na ambaye nakuona bado umekaa, asante sana, wajumbe wa Kamati Tendaji, na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati Tendaji, viongozi wa klabu zetu zote kumi na moja, Ndugu Katibu, mke wangu mpendwa, wanahabari, hata kama mmekuja mmoja tu, mabibi na mabwana, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimehifadhiwa kwa wageni ambao hawajafika: mwenye cheo ajihesabu ametajwa kwa cheo chake, na asiye nacho ajihesabu ametajwa kwa ukarimu wangu.

(Makofi ya watu watatu. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Nimesimama mbele yenu asubuhi hii, nikiwa na afya njema na suti kamili, kuzindua Mradi Mtambuka wa Nidhamu ya Saa na Uungwana Mezani, awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, ambazo kutokana na kasi ya uongozi wangu zitatekelezwa kwa pamoja. Kwa faida ya wageni wasioujua mchezo wetu, katika sataranji ya mashindano kila meza huwekwa saa moja yenye nyuso mbili, uso wako na uso wa mwenzako. Ukishasogeza kete unabonyeza kitufe, dakika zako zinasimama na za mwenzako zinaanza kukimbia. Na dakika zako zikiisha umeshindwa, hata kama mfalme wako kwenye ubao amekaa raha mustarehe kama bwana harusi. Sasa, upembuzi yakinifu uliofanywa na wataalamu wetu umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya ugomvi mezani unatokana na saa, asilimia thelathini na mbili unatokana na wachezaji, na iliyobaki ni hali ya hewa.

(Sauti kutoka nyuma: “Hiyo imeshapita mia!”)

Imepita mia, ndugu yangu, kwa sababu tumevuka lengo. Ndiyo maana chini ya mradi huu tumekwisha kusambaza saa za kisasa elfu mbili na mia nne kwenye klabu zote kumi na moja, pamoja na wakufunzi mia mbili wa kujengeana uwezo katika ubonyezaji.

(Kiongozi wa klabu anasimama: “Sisi hatujaona hata moja! Tunatumia simu ya mke wangu!” Kicheko.)

Hujaiona kwa sababu imesambazwa, na kitu kikisambazwa hakikai mahali pamoja. Kaa chini, baba, mambo ya kitaalamu yana lugha yake. Na msiponishangilia nitadhani hamjaelewa, nami nitalazimika kurudia tangu utangulizi.

(Makofi mengi, ya haraka.)

Naam. Mradi huu, ndugu zangu, haukuanguka kutoka mbinguni. Umezaliwa na tukio la kusikitisha la Jumamosi iliyopita, humu humu ukumbini, meza ile pale karibu na dirisha, ambalo najua limewachosha midomo kulisimulia, na kwa kuwa mnalisimulia vibaya, acheni niliweke sawa mimi niliyekuwepo. Ilikuwa fainali, na mshindi angepata nafasi moja iliyobaki katika timu inayokwenda mashindano ya kanda. Nafasi hiyo nilijitolea kuigombea mwenyewe, kwa uzalendo, bila kuomba kitu.

(Sauti: “Na bila kucheza mchujo!”)

Bila kucheza mchujo, naam, kwa kuwa nilipitishwa na Kamati Tendaji, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, na uamuzi ule haukupingwa na mtu yeyote niliyemruhusu kuongea. Mpinzani wangu akawa yule fundi cherehani wa nyuma ya stendi, mnayemwita Mama Pindo, namwona amekaa pale pembeni na futi yake ya kupimia shingoni kana kwamba tumemwita atukate nguo. Simdharau. Hili koti nililovaa alilipunguza kiuno yeye, na lilikaa vizuri. Lakini tuseme ukweli: mtu ambaye kwa miaka tisa amecheza sataranji kibarazani, ubao umewekwa juu ya kigoda, anafikiri hatua moja kati ya pindo na pindo, mpaka ukimpelekea suruali unasubiri kwanza amalize kumtia mwenzake adabu, huyo ni mchezaji wa kuburudisha wateja, si wa kupeperusha bendera. Ndiyo, mwaka juzi alikosa safari kwa nusu pointi. Na mwaka jana alikosa kwa sababu fomu yake ilipotea katika droo ya ofisi yangu, droo ambayo ufunguo wake ninao mimi, kwa hiyo ninyi wenyewe mnaona ni jinsi gani ulinzi ulikuwa imara na bado fomu ikapotea. Ni kudra.

(Minong’ono. Fundi anatazama mikono yake.)

Basi Jumamosi nikafika, nimechelewa dakika ishirini tu, kama inavyompasa kiongozi. Nikakuta saa yangu inakwenda! Mwenyewe sijaketi, koti sijafungua, saa inanila! Nikamuuliza mwamuzi, huyu mwalimu mstaafu wa hesabu, “Mwalimu, nani kakuruhusu kuiwasha?” Mnajua alinijibu nini, mbele ya watu? “Muda ulifika, Mwenyekiti. Wewe ndiye hukufika.” Nikameza. Nikaketi, nikasogeza kete kwa mkono wa kulia, nikapiga saa kwa mkono wa kushoto, kwa ngumi, ili ijue imepigwa na nani. Ikaruka mpaka mapajani kwa fundi. Akaiokota, akaiweka katikati ya meza, akainyoosha kwa kidole. Mwalimu akadakia, “Mwenyekiti, mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa, tena polepole.” Hebu nisaidieni! Mtu mwenye mikono miwili, anayesaini barua kwa huu na kugonga muhuri kwa huu, aambiwe atumie mmoja kama mtu aliyening’inia dirishani?

(Kicheko kinaanzia nyuma. Mke wa Mwenyekiti anafungua mkoba na kutafuta kitu kisichokuwemo.)

Nikaendelea kwa ustaarabu. Fundi alipokuwa akifikiri, nikamchangamsha kwa mazungumzo, nikamsimulia semina niliyohudhuria, hoteli ilivyokuwa, mashuka yalivyokuwa. Kidole changu nikakiegemeza juu ya kitufe cha saa ili kisipate baridi. Nikanong’ona kidogo, nikaimba kidogo. Watu wanasema eti nilikuwa nikimsumbua. Mimi nasema nilikuwa nikimpa kampani, kwa maana mwanamke mpweke mbele ya ubao anatia huruma. Yeye akainua macho mara moja tu, akasema, “Mwenyekiti, naomba nifikiri.” Hana shukrani.

Halafu ndipo likaja tusi lenyewe. Nilikuwa nimesogeza malkia wangu, hatua nzuri kweli, nzuri kiasi kwamba nikajiegemeza kitini nikaanza kuitazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyojenga. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita. Mwalimu haruhusiwi kusema, anauma midomo. Na huyu mama, ambaye angeweza kunyamaza tu kama mtu yeyote mwenye akili timamu anayetaka kushinda, akainama taratibu akaniambia kwa sauti ya chini, eti, “Hujabonyeza saa, Mwenyekiti. Dakika zako ndizo zinazokwenda.”

(Makofi, safari hii marefu, hayamlengi mzungumzaji.)

Asanteni, asanteni. Mnaona wenyewe uchungu nilioupata. Mimi, niliyeandika utangulizi wa mwongozo wa saa, nikumbushwe saa na fundi wa nguo! Nikabonyeza kwa hasira. Na kwa kuwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza, simu yangu ikalia mfukoni, ule mlio wa tarumbeta mnaoufahamu. Kanuni zetu, ambazo kwa bahati mbaya nilizisaini bila kuzisoma, zinasema simu ya mchezaji ikilia amepoteza mchezo, isipokuwa mpinzani aamue kumsamehe mara moja. Mwalimu akasimama, tayari kalamu mkononi. Fundi akamwinulia kiganja. “Mwalimu, nimemsamehe,” akasema. “Sikuja kushinda kwa simu. Nimefunga kibanda tangu asubuhi nije kucheza. Tucheze.”

Woga, ndugu zangu! Woga mtupu wa kuitwa mshindi! Nami kwa kuwa nilishasamehewa, nikaona hakuna ubaya wowote kuipokea hiyo simu. Alikuwa mtu muhimu, anaulizia jambo muhimu, yaani kama nimeshakula. Nikamweleza kwa kina, huku fundi akisogeza kete yake na kubonyeza saa. Nilipokata, nikakuta ukumbi mzima unaitazama saa, hakuna anayenitazama mimi. Uso wangu wa saa ulikuwa umesoma sifuri. Na ubaoni nilikuwa bado na malkia, ngome mbili na farasi! Mtu ana mali yote hiyo, anaambiwa ameshindwa na kidude cha betri!

(Sauti ya mwanamke: “Aibu haina hata mlango wa kutokea!”)

Fundi akasimama, akaninyooshea mkono, akasema, “Asante kwa mchezo, Mwenyekiti.” Nami nikaona, kwa busara, kwamba mkono wangu una kazi ya kushika glasi ya maji. Nikanywa. Mkono wake ulibaki hewani muda mrefu kidogo, sikupima, mnaopenda kupima mlipima. Jioni hiyo nikatoa waraka wa kusitisha matokeo kupisha mapitio, na kumsimamisha mwamuzi kwa kosa la kutokuwa na ushirikiano. Na chini ya mradi huu, kuanzia leo, viongozi watatumia saa yenye staha, yaani inayosimama yenyewe pindi kiongozi anapochelewa, anapoongea, au anapofikiria jambo jingine.

(Kelele. Mwalimu mstaafu anainuka, karatasi mkononi. “Mwenyekiti, samahani, nina swali dogo tu.”)

Maswali ni mwishoni, Mwalimu, na mwishoni pia hakuna muda.

(Mwalimu: “Hii ni karatasi ya kumbukumbu ya mchezo. Hapa chini pameandikwa: matokeo, Mama Pindo ameshinda kwa muda. Hii sahihi ya pili ni ya nani?”)

Hiyo… hebu ilete. Hiyo ni yangu, naijua kwa mkia wake. Lakini, ndugu zangu, yule mama aliniletea karatasi na kalamu mara tu baada ya mchezo, na mtu wa hadhi yangu akiletewa karatasi na kalamu anajua ni shabiki anaomba sahihi ya kumbukumbu! Nilimwandikia mpaka “kila la heri”!

(Ukumbi unaangua kicheko. Mwalimu anangoja kitulie. “Imeandikwa kila la heri, ni kweli. Matokeo yaliyosainiwa na pande zote mbili hayasitishwi kwa waraka, Mwenyekiti. Niliyapeleka kanda Jumatatu kabla barua yako ya kunisimamisha haijanifikia.” Mwakilishi wa Mwakilishi anasimama, anafungua bahasha iliyotoka kanda, anasoma orodha ya timu. Jina la mwisho ni la fundi. Watu wananyanyuka. Mwanamke mmoja anamkumbatia fundi mpaka futi inamzonga shingoni; fundi analia na kucheka pamoja, anajifuta kwa kipande cha kitambaa.)

Utulivu! Utulivu, tafadhali, kipaza sauti ninacho mimi! Basi, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza kwamba baada ya tafakuri nzito nimeamua mimi mwenyewe kumruhusu ndugu yetu huyu asafiri. Mpigieni makofi, na mkumbuke ni nani aliyemruhusu. Mama, sogea useme neno la shukrani kwa ofisi yangu, fupi.

(Fundi, kutoka alipo, bila kipaza sauti: “Mwenyekiti, mwakani njoo mapema, simu uiache nyumbani. Ile hatua yako ya malkia ilikuwa mbovu. Nilikuwa nikufunge pale pale ubaoni, ukaninyima raha yangu.” Vifijo. Anamshika mkono mwalimu, wanatoka. Nusu ya ukumbi inawafuata.)

Anatania, ni mcheshi sana. Ninyi mliobaki, sogeeni mbele mjaze viti, mpiga picha asije akadhani tumepungua. Tuhitimishe kwa kaulimbiu ya mradi. Nikisema “Saa!”, ninyi mnasema “Nidhamu!” Saa!

(Sauti moja: “Ya ngapi?”)

Saa!

(Sauti ileile: “Tumechelewa kazini!”)

Vizuri, roho ya kaulimbiu imeeleweka. Mchezo ni uungwana! Uungwana ni mradi! Mradi ni mimi!

Kabla sijashuka, niwashukuru wote waliofanikisha jambo hili kubwa. Namshukuru Katibu kwa kuandika bango, ambalo kwa sasa ndilo lenye taarifa zote za mradi, nyingine zitatungwa. Nawashukuru wakufunzi wetu mia mbili, popote walipo, na tutakapowapata tutawaarifu kwamba wao ni wakufunzi. Namshukuru mwenye duka la viatu kwa kutuazima haya maboksi yaliyopangwa nyuma yangu kwa ajili ya picha. Anaomba mtu yeyote asiyakalie, kwani yatabonyea, hayana kitu ndani. Nawashukuru wafadhili kwa kutojibu barua zetu kwa lugha ya matusi. Na sasa, wageni waalikwa, tuelekee nje kukata utepe. Utepe upo, mwekundu, wa mita sita kamili. Tunachotafuta ni kitu cha kuufungia.

Asanteni kwa kunisikiliza.