Mipira ya Rejeta na Bibi Harusi

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Nimeshinda! Mpwa wangu Habiba ataenda Mumias kwa mumewe ndani ya Datsun yangu, si ndani ya Pijo ya Ogola. Dada Rehma, mama yake, amekubali. Amekubali shingo upande, lakini shingo ni shingo.

Alinipinga tangu asubuhi. Alisema gari langu lina viti viwili tu. Nikamwambia bibi harusi ni mmoja na dereva ni mmoja, anataka viti vya nini tena? Alisema gari limezeeka. Nikaanza kumjibu kwamba hata yeye... nikaishia hapo. Mimi si mjinga. Akasema Bwana Ogola wa Milimani, aliyekuwa rafiki wa marehemu shemeji, ameshajitolea Pijo yake nyeupe, 504, safi kama kanzu ya Iddi. Nikamwambia Pijo ni gari la kubebea wakaguzi wa shule. Datsun Z ni gari la Safari Rally. Zimeshinda, kila mtu anajua. Si hii yangu, lakini ndugu zake.

Uzuri wa gari hili! Jekundu. Pua ndefu kama ya mtu wa ukoo bora. Linasimama nje ya duka langu la ushonaji hapa Kaloleni, na hapiti mtu bila kugeuka. Hata mbuzi hugeuka.

Jioni nikafungua boneti nipanguse vumbi. Ole wangu! Mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya injini, umevimba katikati kama chatu aliyemeza kuku. Wa chini umelegea kama muhogo uliochemka. Ile miwili myembamba ya hita ina nyufa kama visigino vya kiangazi. Chini ya gari, tone. Tone. Tone.

Habiba alikuja akaiminya yote kwa vidole. Yeye hufanya kazi karakana ya meli bandarini, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na vidole vyake vinajua vinachogusa. Alisema ibadilishwe yote kwa pamoja na klipu zake, hata ule unaoonekana mzima, maana umezeeka pamoja na wenzake. Alisema ataitafuta. Nikamkataza kabisa. Bibi harusi hatafuti mipira ya rejeta. Mjomba wake yupo!

Jumanne, 2 Agosti 1988

Nimezunguka maduka ya spea mpaka Kondele. Hakuna. Mmoja alinionyesha mpira wa lori. Paka angeweza kulala ndani na kuzaa. Mwingine alisema niagize Nairobi nisubiri. Nisubiri! Tunampeleka Jumamosi.

Wazo likanijia nikiwa njiani. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona suti za mawakili, majoho ya wanakwaya, maturubai ya malori. Mpira wa rejeta ni kitu gani? Ni mkono wa shati usio na kifungo!

Nikatoa koti langu la mvua, lile zito la mpira. Nikapima, nikachora, nikakata. Mshono juu ya mshono. Nikapaka gundi ya viraka vya baiskeli, ndani na nje. Sindano zilivunjika. Mimi sikuvunjika. Ule wa juu na ule wa chini, yote tayari. Kona zimekaa kama kiwiko cha suti ya bwana harusi. Niliitazama hadi chai yangu ikapoa.

Ile ya hita sijahangaika nayo. Nitaikunja na kuifunga kwa waya. Nani anahitaji hita Kisumu?

Nilimwonyesha Habiba. Alisema hajawahi kuona mshono ulionyooka hivyo. Nikavimba. Halafu akaongeza kwamba maji yanayochemka hayatazami mshono. Bandari imemharibu huyu mtoto. Hajui kusifu na kunyamaza.

Jumatano, 3 Agosti 1988

Siku mbaya. Nililipeleka gari uani kwa Rehma, Migosi, kwa sababu ya kivuli. Klipu ya mpira wa chini ilikuwa na kutu. Nikaigonga. Ikagoma. Nikaigonga tena, ikatoka na mpira wake. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo: kumwaga maji kwanza.

Sikujua rejeta hubeba maji mengi hivyo. Yalitoka mekundu kwa kutu, yakateremka uani bila haraka, yakapanda juu ya mkeka. Juu ya mkeka kulikuwa na mchele wa pilau ya harusi, ambao Rehma na wenzake walikuwa wameuchagua tangu asubuhi. Nilijaribu kueleza kwamba pilau hata hivyo huwa na rangi. Rehma akachukua mwiko. Nikakimbia.

Nani akaingia getini wakati huohuo? Ogola! Katoka Nakuru, suruali haina hata mkunjo. Alikuwa na kifurushi cha Habiba kilichofungwa kwa magazeti. Zawadi, bila shaka. Kujipendekeza! Akautazama mchele, akanitazama mimi, akaondoka, akarudi na gunia zima la mchele wa Ahero. Wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji.

Kisha akainama kwenye boneti yangu, nilipoilaza mipira ya koti ikisubiri kufungwa. Akauliza nani aliyeshona mipira. Nikasema mimi. Akasema, "Omera, ndugu yangu, hii ni kazi safi sana," akauliza kama naweza kumshonea kifuniko cha usukani. Je, alikuwa ananicheka? Uso wake haukusema. Watu wa Milimani hufundishwa uso huo.

Mipira imefungwa. Hakuna tone!

Alhamisi, 4 Agosti 1988

Ushindi! Nimelijaribu gari hadi Dunga. Lilinguruma kama simba aliyeshiba. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia puani mwake na sindano ya joto haikutikisika. Wauza samaki waliacha kupaa magamba wakatazama. Mama mmoja aliuliza kama gari hili ni la serikali. Nikamwambia ni la fundi. Akasema basi fundi huyo ashone na ndege.

Nilirudi nikamweleza Habiba. Alikuwa amekaa mikono imenyooshwa, anapakwa hina, hawezi kushika chochote. Alisema Dunga ni tambarare, na Mumias ni mlima kwanza. Nikamwambia atulie, bibi harusi hatakiwi kukunja uso, hina inakauka vibaya.

Ijumaa, 5 Agosti 1988

Nikaha imefungwa msikitini baada ya sala. Bwana harusi, Badru, ni kijana mpole, fundi wa mitambo huko Mumias. Amejibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Nilitokwa na machozi. Nikasema ni udi.

Jioni nilipakia sanduku la Habiba kwenye gari. Zito ajabu! Nikauliza kuna nini humo, mawe? Akasema ni vitu vya mwanamke. Sikuuliza tena.

Jumamosi, 6 Agosti 1988

Nitaandika yote.

Tuliondoka vizuri. Mimi na Habiba mbele, yeye kwenye buibui jipya na manukato, Pijo ya Ogola nyuma yetu na Rehma ndani yake, kisha pikapu ya wanawake na ngoma zao. Kondele walitushangilia. Mamboleo pia. Halafu barabara ikaanza kupanda kwenda Kiboswa.

Sindano ya joto ikaamka. Ikapanda nasi. Nikamwambia Habiba ni sindano mbovu. Habiba akasema niwashe hita itoe joto kwenye injini. Nikalazimika kumwambia kwamba hita nimeifunga kwa waya. Alifumba macho tu.

Puu! Mvuke ukafunika kioo chote. Nikasimamisha gari pembeni, nikaruka nje, nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Mjomba! Usiguse!" Habiba alipiga kelele ambayo nahisi meli zote za ziwani ziliisikia. "Itakuunguza uso. Kaa pale kwenye jiwe."

Nikakaa kwenye jiwe. Rehma akashuka kwenye Pijo. Aliyosema siyaandiki. Alitaka binti ahamie kwenye Pijo mara moja. Ogola mwenyewe akakataa! Alisema kwa upole kwamba bibi harusi ndiye aamue.

Habiba akaamua. Alisema ametoka Kisumu ndani ya gari la mjomba wake, na ataingia Mumias ndani ya gari la mjomba wake. Kisha akafungua sanduku. Chini ya kanzu za hariri na chupa za marashi, kile kifurushi cha magazeti. Mipira ya Datsun Z! Minne, mipya, myeusi, na klipu zake. Alikuwa amempigia Ogola simu Jumatatu ileile, na Ogola ameitafuta Nakuru nzima. Na spana zilikuwa humohumo sandukuni; kumbe ndiyo mawe yangu.

Wote wawili walijua. Wakaniacha nishone.

Injini ilipopoa, wanawake wakashuka kwenye pikapu wakavua leso zao za juu, wakazishika pande zote za boneti kama ukuta, ili wapita njia wasimwone bibi harusi. Ogola akageuka akawapa mgongo, akasimama barabarani na kitambaa chake cheupe, anaelekeza malori. Mimi tu, kama mjomba, niliruhusiwa ndani. Habiba alikuwa amefunga leso kuukuu juu ya nguo zake na kuvaa mifuko ya nailoni mikononi kulinda hina.

Lo, kazi ile! Hakupapasa. Ile mipira ya zamani ya hita aliitoa kwa kuikata kwa urefu, hakuivuta, maana alisema bomba huvunjika likivutwa. Akasugua kutu hadi chuma kikang'aa. Akapaka sabuni, mpira ukateleza ukakaa. Klipu akaikaza, akaacha.

"Kaza zaidi," nikasema.

"Mjomba, ukikaza zaidi unakata mpira. Shika taa hii."

"Ni mchana."

"Basi shika tu, usiguse kingine."

Nikashika. Nje wanawake waliimba na kupiga ngoma. Akina mama wa boma la jirani, hawatujui wala hatuwajui, walikuja na madebe ya maji kichwani, wakaona ukuta wa leso unagonga kwa spana, wakauliza kuna mzazi anajifungua? Wakaelezwa. Wakabaki kuimba.

Akajaza maji ya madebe, akaniambia niwashe injini na hita ikiwa wazi kabisa. Akangoja mapovu yatoke, akajaza tena. Sindano ikapanda hadi katikati, ikakaa. Niliiangalia kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa akilala.

Tulipoondoka aliniwekea mipira yangu ya kushona mapajani. "Angalia, Mjomba. Mshono wako haukufumuka hata mmoja. Kitambaa ndicho kilichoshindwa."

Nilitazama. Kweli! Hata uzi mmoja haukukatika. Macho yakaniwasha. Nikasema ni mvuke.

Mumias tuliingia jua likiwa bado juu. Mama mkwe akamfunua uso, na wote wakaona: alama ya grisi, nyeusi, nyuma ya sikio mpaka shavuni. Rehma akashika kifua. Badru akasogea, akaitazama ile grisi, akaitazama na boneti yenye madoa ya maji ya kutu, akauliza ni mpira gani uliopasuka. Habiba akasema wa chini. Badru akasema siku zote ni wa chini, akacheka hadi akaishika nguzo. Mama mkwe naye akacheka, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Vigelegele! Sijaona bibi harusi akipokewa hivyo. Sijaona bibi harusi kama yule.

Ogola alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa na vumbi la malori hadi kiwikoni. Ni mtu. Naandika mara moja tu: ni mtu.

Jumapili, 7 Agosti 1988

Nimelala vizuri, nimetafakari sana. Mambo yamekuwa wazi.

Watu wote wa Kaloleni wanazungumzia safari ile. Wanasema hakujawahi kuwa na msafara wa harusi kama huo. Na msafara ule ulihitaji nini ili uwe vile? Ulihitaji gari lisimame. Nani alilisimamisha? Sijisifu. Nasema tu ukweli.

Tena Habiba mwenyewe amethibitisha, mbele ya Mungu, kwamba mshono haukuwa na kosa. Kitambaa tu.

Jana jioni, kurudi kutoka Mumias, niligundua breki zimelegea. Ukikanyaga, mguu unakwenda mbali. Kuna kibomba cha mpira karibu na gurudumu, kinatoa unyevu. Rehma amesema nimwite Ogola, au nimsubiri Habiba atoke fungate. Kwa kijibomba kidogo hivyo?

Rehma amesahau mkoba wake hapa dukani. Ngozi halisi, nene, ya ng'ombe. Ngozi si kitambaa. Nimeshauchora kwa chaki.