Hotuba ya Uzinduzi wa Hoteli ya Mizuka ya Rwamisha

Mheshimiwa Diwani, ambaye kiti chako kimefika ingawa mwenyewe hujafika. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Waheshimiwa mapadri, wachungaji na mashehe. Wazee mashuhuri wa Nyamigogo na vitongoji vyake. Wageni wetu wa Ngara, Benaco na Rusumo, mlioacha malori yenu kwenye foleni ya mpakani ili mje kunisikiliza. Akina mama lishe. Vijana wa bodaboda mliozima pikipiki, na ninyi mnaoendelea kunguruma. Mwandishi wa habari, popote ulipojibanza. Mabibi na mabwana, pamoja na kila mwenye cheo ambaye sikumtaja kwa sababu karatasi niliyoandikiwa imeishia hapa: nawasalimu kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wake. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kwa wale wachache ambao bado hawanifahamu, mimi ni Daktari Mtarajiwa Wiston Ndassa, Mratibu Mkuu wa Kitengo cha Uendelezaji wa Hoteli Kongwe na Mizuka Yake, Kanda ya Ngara na Biharamulo, kitengo ambacho nilikibuni mimi, nikakisimamia mimi, na ambacho katika tathmini iliyofanywa na mimi kilipata alama za juu kuliko vitengo vyote vilivyoshindanishwa, yaani kimoja. (Kicheko nyuma. Mratibu anangoja kiishe.)

Ndugu wananchi, jengo hili mnaloliona nyuma yangu, au tuseme kuta hizi mnazoziona, ndiyo Resti Hausi ya Rwamisha, iliyojengwa na Wajerumani kwa ajili ya maofisa wao waliokuwa wakisafiri, ikarithiwa na Waingereza, kisha ikarithiwa na popo, na ambayo tangu zamani inasemekana ina mzuka. Maana kila aliyewahi kulala humo alisimulia kwamba alisikia kishindo cha mawe yanayotuliwa chini, jiwe baada ya jiwe, na mtu anayehema kama aliyebeba mzigo mzito, lakini akifungua mlango hamwoni mtu. Sasa, wenzetu wa nchi zilizoendelea wanapanda ndege kwenda kulala katika hoteli za namna hiyo kwa makusudi, na utafiti wa kina uliofanywa na Kitengo changu umebaini kwamba watalii watatu katika kila wawili wanapendelea hoteli yenye mzuka kuliko hoteli yenye maji. (Sauti: “Watatu katika wawili?”) Watatu, ndugu yangu. Ndiyo maana ya utafiti wa kina.

Nilipofika hapa kwa mara ya kwanza kufanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, nilikuta changamoto moja, nayo ilikuwa ni binadamu. Alikuwemo ndani ya jengo hili mama mmoja, Bibi Ildefonsa, yule pale aliyejifunga kitenge cha kijani, mwenye umri wa miaka sitini na minane, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha humo ndani kitu alichokiita hoteli, yaani chai, maharage na ndizi za kupika, akiwalisha madereva na abiria, akiziba paa linapovuja, akifagia popo, na kuwatandikia mikeka wale walioharibikiwa na magari. Nilimuuliza kistaarabu, “Bibi, humu ndani huogopi mzuka?” Akanijibu, “Simwogopi, mwanangu. Ni babu yangu.” (Minong’ono.)

Naomba utulivu. Bibi huyu alinieleza kwamba babu yake, mzaa baba yake, aliyeitwa Ruhaga, alikuwa miongoni mwa watu waliokamatwa na kulazimishwa kubeba mawe ya kujengea nyumba hii, na kwamba siku ya kupandisha boriti kubwa ya paa kamba ilikatika, boriti ikawaangukia watu watatu, yeye akiwa mmoja wao, na ofisa wa Kijerumani aliyesimamia ujenzi, kwa kutotaka kazi isimame, akaamuru wafukiwe palepale walipolala na sakafu ya baraza ikapigwa juu yao. Ndiyo maana, alisema, tangu aolewe na kuachika na kurudi kwao, hakuona mahali pengine pa kuishi ila karibu na mzee wake, awe anamwagia maji kidogo barazani kila asubuhi kabla hajawasha moto.

Nilisikitika sana. Nilisikitika kwa sababu za kitaalamu, kwani mzuka wa mbeba mawe hauna soko. Mtalii anayetoka mbali anataka mzuka wa hadhi, wenye buti, koti na sharubu. Kwa hiyo nikaunda Kamati ya Kuuhuisha Mzuka, yenye wajumbe kumi na mmoja, ambayo ilikaa humu ndani siku nne ikichunguza kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa kuwa waraka wetu hauruhusu kazi za usiku, na ikatoa taarifa ya kurasa mia mbili na sita kwamba hakuna mzuka uliojitokeza katika saa za kazi. Kamati ikapendekeza Bibi Ildefonsa apishe ukarabati kwa siku thelathini tu. Akapisha. Alitoa masufuria yake, mikeka yake na benchi zake mbili, akajenga kibanda cha maturubai kando ya barabara. Siku thelathini hizo, kwa hesabu ya ofisi, bado zinaendelea, ingawa kwa kalenda za kawaida ni miezi saba. (Sauti za wanawake: “Aibu! Aibu!”) Asanteni kwa kunishangilia.

Ukarabati ukaanza mara moja, kwa kung’oa. Tuling’oa mabati ili yakapimwe. Tuling’oa milango ya mninga, ya tangu enzi za Mjerumani, ili ihifadhiwe mahali salama, na naomba ijulikane kwamba hakuna mahali salama kuliko nyumbani kwangu, ambako milango hiyo inafungwa na kufunguliwa kila siku ili isiote kutu kwenye bawaba. (Kicheko kikubwa. Mratibu anatabasamu, anakunja ukurasa.)

Kisha wakaja wageni wa tathmini, watu watano wenye miwani myeusi, na mzuka ukawa haupo. Hapo ndipo kiongozi anapopimwa. Nilimwendea Mzee Irambona, huyo aliyekaa kwenye gogo, mkulima wa mihogo ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi, mrefu, mwembamba, mwenye miaka themanini na moja na mashavu yaliyobonyea kama yanavyotakiwa katika fani hiyo, nikamwomba alitumikie taifa. Tulimvisha koti jeupe la mvua, kofia na buti, tukampaka unga wa muhogo usoni, na saa nne asubuhi, wageni wakiwa wamepangwa uani na kamera zao, mzuka wetu ukaanza kutembea taratibu kutoka chumba hadi chumba, ukiburuta buti kwa huzuni ya Kiulaya. Wageni wakashika vifua! Mmoja alikwisha kupiga magoti! Na hapohapo anapita Bibi Ildefonsa na ndoo yake ya maji kichwani, anatazama dirishani, anasema, “Shikamoo, Mzee Irambona.” Na mzuka, ndugu zangu, mzuka uliofanyiwa mazoezi wiki mbili, unasimama, unavua kofia, unajibu, “Marahaba, mwanangu. Na mguu wako unaendeleaje?” (Umati unalipuka kwa kicheko. Mzee Irambona anainua mkono kukiri.)

Chekeni, lakini wale wageni waliandika katika ripoti yao kwamba mzuka wa Rwamisha ni mkarimu, jambo ambalo halijawahi kuandikwa kuhusu mzuka wa nchi yoyote jirani. Kisha wakaondoka, na hatujawasikia tena, ishara ya wazi kwamba waliridhika.

Nikaona sasa tuingie kwenye miundombinu. Hoteli ya kimataifa ni bwawa la kuogelea, na bwawa nikaamua lichimbwe pale barazani, penye mandhari ya bonde. Siku hiyo Bibi Ildefonsa alikuja akasimama mbele ya vibarua akasema, “Wanangu, msichimbe hapo. Hapo kuna watu watatu.” Nilimweleza kwa upole kwamba hayo ni masimulizi, na kwamba masimulizi hayana rejea. Tukachimba. Kwa kina cha mkono mmoja tu, jembe la kwanza likagonga kitu, na mpaka saa sita mchana tulikuwa tumetoa mafuvu matatu. Matatu kamili, bila kupungua wala kuzidi, jambo linalothibitisha jinsi Kitengo changu kinavyothamini ushirikishwaji wa jamii. Vibarua waliacha majembe wakaenda zao, wengine wakilia. Mimi sikuondoka. Nilibaki, nikayakusanya mabaki hayo na kuyahifadhi kitaalamu katika boksi lililokuwa la sabuni, nikalipa namba, nikaliweka chini ya meza yangu, na leo nimelileta hapa mezani kama kielelezo cha uzinduzi, lile pale, kando ya chupa za maji. Kila mwananchi atapewa fursa ya kupita na kuli…

Bibi, kaa chini. Muda wa maswali haujafika. (Bibi Ildefonsa amesimama. Anakuja mbele, taratibu, mguu mmoja ukivuta.)

“Mwanangu Wiston, tangu umeanza kusema hujanisalimia.”

Bibi, salamu za jumla zilitolewa mwanzoni.

“Mimi ni mkubwa kwa mama yako. Lakini yaishe. Nimekuja ofisini kwako kila Jumatatu, ukisema nirudi Jumatatu. Leo sikuja kuomba. Nimekuja kumchukua babu.”

Ndugu wananchi, mnaona wenyewe jinsi elimu inavyohitajika. Bibi, boksi hilo ni mali ya Kitengo. Lina namba.

“Namba ya nini? Huyu anaitwa Ruhaga. Hawa wawili sijui majina yao, lakini nao walikuwa na mama zao, na mama zao waliwasubiri jioni wakala chakula chao kimepoa.” (Anaweka mkono juu ya boksi.) “Waliowaweka chini ya sakafu walikuwa wageni, hawakutujua. Wewe umezaliwa hapa Nyamigogo. Wewe ndiye uliyewaweka kwenye sabuni.”

(Mzee Irambona anainuka kutoka kwenye gogo, anavua kofia, anakuja kushika upande wa pili wa boksi.)

Mzee Irambona, wewe ni mtumishi wa Kitengo! Rudi kwenye gogo! Mwenyekiti wa Kijiji, kama msimamizi wa usalama, nakuagiza… Mwenyekiti? (Mwenyekiti wa Kijiji ameshavua koti lake na kulifunika boksi. Wanaume wanne wanakuja kupokezana. Wanawake wanatandua vitenge mabegani.) Nawatahadharisha kwamba kuondoa kielelezo cha uzinduzi kabla ya uzinduzi ni kinyume cha kanuni ya kumi na nne, ambayo iko kwenye hatua za mwisho za kuandikwa! Bodaboda, zuieni njia! (Bodaboda wanazima pikipiki zote na kufuata kwa miguu.) Mwandishi wa habari, usipige picha hiyo, piga huku!

(Umati unashuka kuelekea kwenye migomba ya Bibi Ildefonsa, nyuma ya kibanda chake. Viti vinabaki. Avelina, karani wa Kitengo, anabaki na daftari.)

Kama nilivyokuwa nikieleza, mwitikio wa wananchi ni mkubwa. Naingia sasa kwenye dira. Ndani ya miaka mitano Rwamisha itakuwa na vyumba mia tatu na arobaini, kila chumba na mzuka wake binafsi; ajira elfu saba zitazaliwa, nusu yake kwa walio hai; kutakuwa na lifti, ingawa jengo halina ghorofa, kwa sababu hatupangi kwa kuangalia majengo, tunapanga kwa kuangalia mbali; na malori yote ya Rusumo yatalazimika kusimama hapa ili madereva watishwe kwa viwango vya kimataifa. Rwamisha, juu! (Avelina anageuza ukurasa wa daftari.) Rwamisha, juu zaidi! Mizuka ni uchumi! Uchumi ni mizuka! Kazi iendelee pale ilipoishia!

“Mratibu,” (ni Avelina) “kwenye mahudhurio niandike wangapi?”

Andika elfu mbili na mia nne. Andika na kwamba walisimama kwa heshima.

“Walisimama wakaondoka.”

Andika walisimama. Avelina, usinikatize, niko kwenye shukrani. Napenda kuhitimisha kwa kuwashukuru wote waliofanikisha mradi huu: namshukuru mke wangu, ambaye ndiye Bodi, namshukuru shemeji yangu, ambaye picha yake ilitumika kama ya mwekezaji, nawashukuru wale wageni watano wa miwani, ambao baadaye niligundua walikuwa wamepotea njia wakielekea kwenye harusi Ngara, na wewe Avelina, nakushukuru kwa kuuchonga muhuri wa Kitengo kwa kiazi, maana ofisi yetu haikuwahi kusajiliwa, barua ya kuanzisha mradi haikuwahi kuandikwa, hoteli haikuwahi kuchorwa hata kwenye karatasi, na kusema ukweli, kwa kuwa tumebaki wawili, hakuna mtu yeyote mahali popote aliyewahi kuomba ijengwe. Kilichokuwepo ni mkutano huu tu. Na sasa natangaza rasmi kuwa mkutano huu… Avelina, unakwenda wapi?

“Kuzika, Mratibu.”

(Anaacha daftari kwenye kiti cha Diwani na kujitanda kitenge. Kutoka migombani wameanza kuimba, Kisubi na Kirundi pamoja, na kipaza sauti cha Mratibu, ambacho hakuna aliyekizima, kinauchukua wimbo ule na kuurudisha bondeni kwa sauti kubwa kuliko yake.)