Hitilafu Kumi za Nyumba Yetu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amenisikiliza kifua muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema moyo wangu umechoka. Hata mimi ningechoka, kupiga miaka themanini na moja bila likizo! Nikamwuliza imebaki miezi mingapi. Akasema nisiwaze miezi, niwaze kupumzika. Nimemwelewa. Basi nianze kuungama humu, nisije nikaondoka na mizigo.

Ungamo la kwanza. Mjukuu wangu anataka kusomea uhandisi wa mitambo. Sote tunamwita Spana, maana tangu ana miaka sita hajaachana na ile spana aliyoiokota garini mwa baba yake. Vyuo vikuu viwili viko tayari kumpokea. Chuo cha Karibu, paa lake naliona kutoka dirishani kwangu. Chuo cha Mbali, siku nzima kwa basi. Fomu inatakiwa Ijumaa ya tarehe 14. Mezani nimesema, kwa sauti ya mwalimu mstaafu wa fizikia, kwamba Chuo cha Karibu kina msingi imara wa nadharia. Uongo mtupu! Sijui msingi wao una nini. Nataka tu awepo siku nitakapofumba macho.

Mkakati: nyumba ikihitaji mhandisi kila siku, mhandisi ataondokaje? Bisibisi iko ndani ya mfuko wangu wa kufumia, chini ya sufu ya buluu. Leo nimelegeza waya kwenye plagi ya feni ya sebuleni. Nilichomoa kwanza, mimi si mjinga. Nilipiga magoti! Tangu mwaka juzi sijapiga magoti. Moyo uliochoka ukadunda kama wa msichana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Feni inazunguka. Dakika tisa tu, tena huku akipiga mluzi. Sawa. Mchana nikatoa kile kipira cha ndani ya bomba la jikoni, nikakificha kwenye kiatu. Maji yakaruka mpaka darini. Safi sana!

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaishi nasi chumba cha mbele. Kazi yake ni kutazama. Akasema, "Wifi, nyumba hii imeanza kukuiga. Kila kiungo kinalegea." Nikamjibu kwamba vyangu angalau vilishawahi kufanya kazi. Tukacheka mpaka akaomba maji. Hayakuwepo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Pigo la kisayansi! Nimemwandalia Spana ziara ya Chuo cha Karibu. Mhadhiri mmoja pale nilimfundisha zamani. Shuleni tulimwita Samahani, kwa sababu kila asubuhi aliingia darasani na neno hilo. Leo alichelewa dakika ishirini na tano, akaanza na neno hilo.

Nimetembea dakika arobaini, kwa vijana ni kumi na mbili. Maktaba, nzuri. Bustani, nzuri. Kisha Spana akaomba kuona karakana. Samahani akatafuta funguo kwenye mifuko minne. Ndani, katikati, mashine ya kerezo ya kuchongea vyuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala, bado imefungwa nailoni ya kiwandani! Spana akauliza kila mwanafunzi anapata saa ngapi juu yake. Samahani akasema wanafunzi huletwa kuitazama muhula wa tatu. Spana akauliza, kuitazama tu? Akajibu kwamba wakiigusa itachakaa.

Nikajifanya nimeishiwa pumzi ili tuondoke. Baadaye nikaishiwa kweli. Spana alinishika mkono njia nzima. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wiki ya ushindi! Juzi jioni bawaba ya kabati. Jana redio na pasi. Leo saa ya ukutani na taa yangu ya kusomea. Jumla saba, pamoja na feni na bomba. Wifi anasema tangu nianze kufa nina rangi nzuri.

Kisha chakula cha jioni. Janga!

Spana akaja mezani na daftari, macho yanang'aa. Akasema alikuwa ametuficha jambo. Chuo cha Mbali hawataki fomu peke yake. Wanataka na daftari la vitu kumi vilivyoharibika ambavyo mwombaji amevitengeneza kwa mikono yake, pamoja na michoro. Alikuwa ameshakata tamaa, maana humu ndani alimaliza kutengeneza kila kitu zamani, hakikubaki kibovu hata kimoja. Lakini wiki hii, Bibi, sijui ni nini! Ana saba!

Kijiko kikaniponyoka. Wifi akasema tuombe kisivunjike, maana vitakuwa vinane.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ulinzi mkali. Nimekataza mtu yeyote kuwasha, kuzima, kufungua au kukalia chochote bila kibali changu. Baba yake Spana ameuliza kama anaweza kutumia mlango.

Mchana msaliti akajitokeza. Cherehani ya wifi imegoma. Cherehani ambayo haijawahi kugoma tangu tukiwa wasichana! Spana akaitengeneza, akiimba. Nane.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mwavuli wa wifi umevunjika springi. Jua linawaka, mwavuli ulikuwa wa nini? Tisa. Nikamfuata chumbani, nikamwambia usoni kwamba anahujumu. Akautazama mfuko wangu wa kufumia. Akasema, "Wifi, mwezi mzima umefuma soksi moja. Nani kati yetu ni fundi?" Nikamwambia akivunja kitu kingine simtaki mazishini kwangu. Akasema atakuja kwa chakula tu.

Nimelala mchana mlangoni kwake, kwenye kiti, fimbo mapajani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeshinda. Tisa bado ni tisa. Kesho fomu.

Baada ya chakula cha mchana Spana alizunguka nyumba akigonga gonga vitu kwa kidole, kama daktari wangu. Friji, nzima. Jiko, zima. Akaja kuketi kitandani kwangu. Akasema basi, Bibi, sitavunja kitu makusudi, huo ni wizi. Akasema Chuo cha Karibu hakina ubaya, na isitoshe nani angekupa dawa za saa nane? Akatabasamu. Tabasamu la mtu anayekunja nguo asiyoivaa tena.

Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nikaiona ile mashine ndani ya nailoni.

Ungamo la pili, na hili sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipata nafasi ya uhandisi, msichana pekee kwenye orodha. Kila nilipofungasha, mama yangu aliugua. Nikifungua sanduku, anapona. Mara tatu. Nikabaki, nikasomea ualimu karibu na nyumbani. Miaka arobaini nimechora roda ubaoni kwa chaki, na sikuwahi kuvuta kamba ya hata moja. Mama aliishi miaka thelathini na moja zaidi, akila vizuri.

Spana alipotoka, nikatazama ukutani karibu na mto. Kengele yangu ya umeme. Nikibonyeza, inalia chumbani kwake, anakuja. Ndicho kitu pekee humu ndani nilichoapa kutokigusa.

Nikachukua bisibisi. Nimeng'oa vizuri, nyaya zote mbili. Kisha nikaita kwa mdomo. Nikamwambia Spana, kengele imekufa, tena kabla yangu, haina adabu.

Mayowe yake yamesikika barabarani! Kumi! Ameitengeneza kwa dakika kumi na nne, tena ameiboresha. Sasa inalia chumbani kwa wifi. Akasema lazima mtu awepo wa kuisikia. Wifi hajaulizwa.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Wamemchukua! Chuo cha Mbali! Baba yake amekimbia uani na kurudi bila kujua alikimbilia nini. Mimi nimecheza, nimekaa kwenye kiti, lakini nimecheza.

Barua inamsifu. Inasema waombaji wengi huandika ni nini kilichoharibika, wachache hutafuta kwa nini. Sikuelewa. Spana akaniwekea daftari mapajani, akasimama pembeni akijing'ata midomo.

Kila ukurasa, kila mchoro, na chini ya kila mchoro mstari: Chanzo cha hitilafu. Feni: Bibi. Bomba: Bibi. Bawaba: Bibi. Bibi, Bibi, Bibi, mpaka taa ya kusomea. Cherehani: Bibi Mdogo, ndivyo anavyomwita wifi. Mwavuli: Bibi Mdogo, bila aibu. Ushahidi umebandikwa kwa gundi ukurasa wa kwanza: uzi wa sufu ya buluu, umekutwa kwenye skrubu ya plagi. Alijua tangu siku ya kwanza! Profesa wa watu mahali fulani amekaa ofisini kwake akisoma jina langu mara nane!

Kwenye kengele ameandika: Chanzo, Bibi. Maelezo, hii aliivunja kwa ajili yangu.

Vumbi liliingia machoni. Wifi naye likamwingia, ingawa alikuwa upande wa pili wa chumba.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Kesho anaondoka, basi la alfajiri. Mimi ni mtu mpya. Nimeungama, nimesafishika, bisibisi nimemrudishia Spana kwa mikono miwili. Daktari alikuja jana, akasikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena. Anasema moyo umeanza mchezo asiouelewa.

Saa nne asubuhi. Sanduku lake limesimama ukumbini. Nimelipita bila kuligusa.

Saa tano. Nimelipita tena. Lina magurudumu manne. Kila gurudumu skrubu mbili.

Saa sita. Nawaza tu, kinadharia. Sanduku likikosa gurudumu, basi la kesho halipandiki. Basi jingine ni Alhamisi. Siku tatu! Mtu akisogea siku tatu kaumia nini? Si hujuma, ni marekebisho ya ratiba.

Saa saba. Spana na baba yake wamekwenda kununua sabuni. Nimepiga magoti, kwa kisu cha siagi. Skrubu hazisogei. Nimelipindua sanduku. Chini yake kuna karatasi: "Bibi, hizi nimezitia gundi. Kunywa dawa za saa nane."

Gundi! Mhandisi kamili! Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Sina la kuongeza duniani, naweza kufa hata leo.

Saa nane. Nimekunywa dawa. Nimelichunguza sanduku tena, kwa utulivu. Zipu hajaitia gundi.

Nimebonyeza kengele. Wifi amekuja mbio, kiatu kimoja mguuni, akidhani ndiyo saa yangu imefika. Nikamwambia wiki hii sina nafasi. Aniletee koleo.