Malalamiko Kuhusu Nyonga ya Mama Iliyotengenezwa Kabla ya Kikao

Kamati ya Afya ya Familia ya Nzomo,
Kitengela.

Kwa Daktari Caroline Naipanoi,
Mpasuaji wa Mifupa.

Daktari mpendwa na mheshimiwa,

KUH: KUMTIBU MAMA YETU BILA IDHINI YA KAMATI

Pokea salamu za familia yetu, watu wazima kumi na wanne, ambao wote wamekasirika lakini wanakuheshimu. Mimi ni Peterson Munguti, karani mstaafu wa ofisi ya chifu, na ndimi mwenyekiti wa kamati iliyotajwa hapo juu.

Utakumbuka kwamba mama yetu, Kamene, mwenye miaka themanini na minne, aliteleza bafuni siku ya Jumatatu akavunjika mfupa wa paja, pale juu kabisa unapoingia kwenye nyonga. Siku hiyohiyo nilikuarifu kwa barua yenye muhuri kwamba kamati ingeketi Jumapili, wanachama wakishatoka kanisani, ili kujadili atiwe chuma cha aina gani. Kufikia Jumatano saa nne asubuhi ulikuwa umeshamaliza kazi na kunawa mikono. Malalamiko yetu ni haya:

1. Ulimuuliza mama. Tumeambiwa uliketi kando ya kitanda chake, ukamweleza mambo yote polepole, kisha ukataka kujua yeye mwenyewe anapendelea nini. Daktari, katika familia hii mama haulizwi kuhusu mama. Ana watoto sita waliosoma. Alikujibu kwamba anataka kile kitakachomrudisha kwa kuku wake upesi, nawe ukayaandika hayo kwenye faili kana kwamba ni uamuzi.

2. Kamati ilikuwa na njia tatu mezani, na kila njia ilikuwa na kamati ndogo yake. Ya kwanza ni kuufunga mfupa wake mwenyewe kwa skrubu. Ya pili ni kutoa kile kichwa cha mfupa na kuweka cha chuma, lakini kikombe kinachokipokea kibaki kilekile alichozaliwa nacho. Ya tatu ni kubadilisha vyote viwili. Wewe ukachukua ya pili, yaani nusu! Jirani yetu Mama Maundu aliwekewa nzima mwaka jana, na kanisani hakuna asiyejua. Ulieleza kwamba mfupa wa umri huo ukishahama mahali pake, skrubu mara nyingi hazishiki, na kwamba nzima ni operesheni ndefu inayomfaa zaidi mtu mwenye nguvu za Mama Maundu, ambaye bado analima. Yalikuwa maelezo mazuri sana, ila hayakupitia kwa mwenyekiti. Sasa tutamwambia nini Mama Maundu?

3. Simiti. Chuma hicho ulikishikiza kwa simiti. Ndugu yangu Mulinge ni fundi wa mjengo, na nyumba nyingi unazoziona ukielekea Isinya zimepita mikononi mwake. Anasema simiti humwagiwa maji siku saba kabla ya kubebeshwa mzigo wowote. Ninyi mlimsimamisha mama Alhamisi. Mulinge alipokuja huko kuuliza, aliambiwa kwamba simiti ya hospitali hushika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Tangu siku hiyo Mulinge hana raha, anataka kujua inauzwa wapi.

4. Shemeji yetu Kuntai wa Oltepesi, aliyemwoa dada yetu Munyiva, ndiye tuliyemteua kuwa mtaalamu wa kamati, kwa kuwa amechinja ng'ombe wengi na anakijua kila kiungo. Tulimtuma kwako Jumanne akucheleweshe hadi Jumapili. Badala yake alikusalimu kwa Kimaa, lugha yenu ya Kimaasai, akakwambia kwamba ng'ombe akilala chini siku tatu, ya nne hainuki, akaenda zake. Tumemsimamisha uanachama.

5. Ulituaibisha mbele ya wageni. Jumamosi ya pili walikuja watu thelathini kutoka Machakos kumpa mama pole. Tulikuwa tumesimamisha hema na kupanga viti, ili waingie wawili wawili kumwona mgonjwa. Wakamkuta jikoni, ameshika kile kifaa chake cha kutembelea, akigomba kwamba chai haina majani. Mchungaji alikuwa ameandaa maombi ya mtu mahututi na ilibidi ayasome hivyohivyo, mama akiitikia amina kwa sauti kuliko wote.

6. Kamati haina ajenda.

Kwa sababu hizo, tunaomba kwa unyenyekevu kwamba mama arudishwe chumba cha upasuaji, chuma kitolewe, simiti ibanduliwe, na nyonga irejeshwe ilivyokuwa ile Jumatatu. Kisha alazwe kitanda kilekile, kamati ipate nafasi ya kufanya kazi yake ipasavyo. Hatutarajii kuzidisha Jumapili sita. Wala hatuna nia mbaya: ikiwa kamati itaamua nusu, tena ya simiti, utaruhusiwa kuirudisha hiyohiyo.

Tusalimie wauguzi wote wa wadi ya wanawake, aliyemfundisha mama kupanda ngazi, na hata yule mlinzi wa langoni aliyekataa tuingie kumi na wanne kwa mpigo. Huku kwetu sote tu wazima, mama akiwa wa kwanza.

Wako katika kufuata utaratibu,

Peterson Munguti,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Yaliyo hapo juu yalisomwa kikaoni na kupitishwa na wanachama wote. Haya nayaandika peke yangu. Ombi letu tafadhali likatae, tena kwa maandishi, ili niwe na kitu cha kuwasomea.

Baba yetu alivunjika nyonga mwaka wa 2011, palepale alipovunjika mama. Daktari wa wakati huo alikuwa tayari kumpasua siku ya tatu. Mimi ndiye niliyemwambia aingoje kamati. Baba alilala wiki nne akiwa amening'iniziwa uzito mguuni, mgongo ukafanya vidonda, kifua nacho kikajaa. Azimio la kukubali apasuliwe lilipita Jumapili ya nne bila kupingwa. Nililipeleka hospitalini Jumatatu asubuhi likiwa na sahihi zote, nikakuta kitanda chake kimeshatandikwa upya.

Mama hajui hadi leo kwamba kulikuwa na daktari aliyekuwa tayari siku ya tatu. Nimeshindwa kumwambia. Asante, daktari, kwa kutoningoja.