Tamar na Kifuniko cha Desika

Sogeeni, enyi watu wa Butembo, ninyi wa Kimemi mnaopima vitambaa na ninyi wa Rughenda wenye vumbi hadi kwenye kope! Zimeni pikipiki, tueni mizigo ya vitunguu, mtege masikio. Nawasimulia vita ambayo haikumwaga damu ila jasho, iliyopiganwa mchana kweupe katika maabara ya chuo kikuu kimoja mlimani, kati ya binti wa watu na kifuniko.

Binti huyo ni Tamar, mwana wa Solange muuza maharagwe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya licence. Wenzake walimpa jina la Mchota-Matope, kwa kuwa kiangazi chote alishuka mtoni kuchimba tope, chini kidogo ya pale mafundi wanapomwaga maji ya betri kuukuu, apate kujua ni nini kimelala katika udongo ambamo akina mama hupanda kabichi. Watu wa darajani walimcheka: "Muone ule! Masomo yote njo kubeba potopoto!" Naye alipita, ndoo kichwani, kama malkia aliyevikwa taji linalovuja.

Kuumeni kwake alisimama Zorobabel, golikipa wa fakulte, mwenye viganja kama majembe. Kushotoni alisimama Kasonia, Ulimi-Usiochoka, ambaye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko sentensi ya Kifaransa. Utafiti ulikuwa mmoja, wao watatu.

Siku hiyo tope lilikuwa limechomwa katika tanuri, ili yote yaliyokuwa majani na mizizi yaende na moshi. Kilichobaki kiliwekwa katika vikombe vidogo vya kauri, vikafungiwa vingali na moto ndani ya chungu kizito cha kioo, vipoe pasipo kunywa unyevu wa hewa. Vitabu hukiita chungu hicho dessiccateur. Wanafunzi hukiita Desika. Ilibaki kazi moja tu: kufungua na kupima uzito. Lakini mizani ilikuwa ya kuazima, na wenyewe, watu wa fakulte ya kilimo, walikuwa wanaijia alasiri ile ile. Na asiyepima siku hiyo asingetetea kazi yake katika session hii ya mitihani. Session iliyotangulia iliuawa na ville morte, mgomo uliofunga mji mzima. Tamar hakuwa na moyo wa kungoja nyingine.

Ndipo Desika ilipokataa. Hewa ya ndani ilipopoa ilinywea, na kifuniko kikang'ang'ania chungu kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.

Zorobabel akakunja mikono ya shati, akanena: "Mi Zorobabel, mwenye nilizuiya penalti ya ba Beni na goti, niogope kifuniko? Desika, jitayarishe! Leo utanijua!"

Akashika kirungu cha kifuniko, akavuta. Mishipa ikamsimama shingoni kama kamba za hema. Na tazama, kifuniko kikapanda! Ila chungu nacho kikapanda, kizima, na vikombe vyote tumboni, kikaning'inia hewani juu ya sakafu ya saruji.

"Weka chini!" alilia Tamar. "Polepole, Zoro, ndugu yangu, tafazali!"

Kasonia akawaita watakatifu wote anaowajua, na mmoja aliyemtunga papo hapo. Chungu kikatua salama.

Kisha Kasonia akashika zamu. "Bandugu," akasema, "nguvu ya mwili hapana jibu. Mais, donc, tuseme ukweli: hii kitu iko na orgueil, iko na kiburi. Inaomba heshima." Akaweka kiganja juu ya kioo. "Ee Desika, mutoto wa kioo, sisi batoto ya Bayira, batu ya hii milima, tunakupigia magoti..."

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti ya msaidizi wa mwalimu, Mariette, mlinzi wa mizani: "Kasonia, unaongea na nani?"

"Na science, Assistante!"

"Basi uiambie benye balanse bamefika. Munaleta ama munaacha?"

Nyayo zilikuwa tayari barazani. Tamar akawasukuma wanaume wote wawili kando. Akainama mpaka pua ikagusa kioo, akaona kwamba, pale Zorobabel alipovuta, mafuta yaliyopakwa ukingoni kuziba hewa yalikuwa yameburuzika kidogo kwenda ubavuni. Kwenda juu kifuniko kilikataa. Kwenda pembeni hakuna aliyekiomba.

"Zoro, kumbatia chungu. Ikamate sawa mpira ya fainali. Kasonia, funga kinywa, hiyo njo kazi yako."

"Mais, Tamar..."

"Funga!"

Akaweka viganja ukingoni, akakihutubia kifuniko: "Sikia, we. Nilibeba potopoto na hii shingo. Nilichekwa ku daraja na batu benye sijui majina yabo. Siombe uruke. Naomba usogee tu."

Akasukuma. Kimya. Akasukuma tena, soli za viatu zikimteleza. Mara mafuta yakalegea, kifuniko kikasogea upana wa ukucha, na hewa ikaingia, fsss, kama mzee anayelegeza mkanda baada ya harusi. Kilichobaki kiliteleza kama sabuni.

Hakuna aliyeshangilia, maana pumzi moja ingepeperusha majivu. Tamar alivitoa vikombe kwa koleo, kimoja kimoja, akapita mbele ya watu wa kilimo kwa uso wa padri mwenye Ekaristi. Namba za mizani zilitetemeka, zikatulia, zikaandikwa. Wenyewe wakabeba mizani yao wakiguna.

"Sasa muda yote ile," aliuliza Mariette, "mulikuwa munafanya nini na chombo ya kusogeza tu?"

"Assistante," alijibu Zorobabel, "tulikuwa tunaifundisha adabu."

Wanaume wakatoka uani wakiimba ushindi kwa sauti za kutisha mbuzi. Tamar alizunguka nyuma ya jengo, akalia kidogo mahali asipoonekana, akajifuta kwa koti la maabara, akapanda kwenda nyumbani.

"Leo mulifanya nini ku masomo, mama?" aliuliza Solange, akipepea makaa.

"Nilifungua chungu."

"Vizuri. Fungua na hii ya maharagi, inaungua."

Basi iandikwe, isomwe kwa wajukuu: siku hiyo tope la mto lilipimwa, na Tamar Mchota-Matope akaitwa Msogeza-Vioo. Na anayesema hilo ni jambo dogo, Desika ingali mezani, aje avute.