Dakika Kumi Kabla ya Sabato

Jumapili, 3 Agosti 2025

Siku mbaya. Hapana, siku kubwa yenye dosari ndogo. Saa nne asubuhi niliwasha injini ya ndege mbele ya watu wasiopungua arobaini. Nusu ya soko la Rangwe ilikuwa uani kwangu. Ikawaka! Ikanguruma polepole, kwa adabu. Nikaongeza mafuta kidogo. Ikakohoa. Nikaongeza tena. Ikapiga kishindo, ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Mwanaboda mmoja akapaza sauti, "Omera, ndugu yangu, hiyo ni ndege ama ni posho mill ya unga?" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: ndege hii nimeiunda mimi mwenyewe, Cephas Omosa, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa miezi kumi na minane, kwa mabomba ya alumini na turubai. Injini ni ya gari dogo lililopinduka njia ya Rodi Kopany. Ilikuja na kompyuta yake, kile kisanduku cha rangi ya fedha kinachoiambia injini inywe mafuta kiasi gani na iwashe plagi wakati gani. Rangi ya samawati nimepaka mimi, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kila kipande, hadi nati. Hakuna ndege nyingine ya hivyo kusini mwa Nyanza.

Shida ya pili ina miguu. Jirani yangu Mochama alikuja baada ya misa. Ana kinu cha unga ambacho injini yake ilikufa Juni. Aliizunguka ndege yangu mara tatu na mabawa hakuyatazama hata kidogo. Alitazama injini tu, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Kisha akasema, bila haya, kwamba injini hii ingesaga debe moja kabla mteja hajamaliza kusalimia. Badala ya kumfukuza, mke wangu Nyamoita akamletea chai!

Nyamoita anavuna mahindi wiki ijayo na anataka stoo yake, ambamo ndege inalala. Akatoa sharti palepale. Injini ingurume kwa nguvu dakika kumi bila kukohoa hata mara moja. Ikishindwa, iende kwa Mochama, na mahindi yaingie stoo. Kupanga siku kukawa kazi. Mochama ni Mkatoliki, Jumapili hafanyi biashara. Sisi ni Wasabato, Jumamosi hatugusi kazi. Basi ikawa Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Shahidi ni Mzee Orina wa kanisa letu, mwenye saa isiyokosea.

Nilipeana mkono nikitabasamu. Usiulize kama moyo ulitulia. Injini hii nimeiosha kwa mswaki wangu mwenyewe.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimegundua! Petroli chafu. Nashangaa sikulifikiria jambo hili jana.

Nilihitaji kitambaa safi cha kuchujia. Kwenye kamba kulikuwa na skafu ya Nyamoita ya Dorkasi, chama cha akina mama kanisani, nyeupe pe. Nilichuja lita ishirini. Haikunasa hata chembe ya uchafu, jambo lililonitia wasiwasi kidogo. Nikawasha. Kikohozi kilekile.

Jioni Nyamoita aliuliza kwa nini skafu yake inanuka kama steji ya boda. Nikasema labda ni upepo wa barabarani. Nimetengewa ugali bila mboga.

Jumanne, 5 Agosti

Ni kompyuta. Bila shaka ni kompyuta. Nimeifungua, nikaifunga kwa taulo, nikaipeleka kwa Hodan.

Hodan ni msichana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na stendi. Watu hutoka hata Sindo wakimletea simu zilizoanguka ziwani, naye huzifufua. Aliigusagusa kompyuta kwa nyaya zake mbili, akasoma namba, akaniambia ni nzima. Akauliza waya mweusi nimeufunga wapi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Nikamwambia umefungwa vizuri, kwa nati, tena nati imepakwa rangi. Akauliza kama chini yake kuna chuma kitupu. Akasema, "Mzee Omosa, anzia hapo. Kompyuta bila earth nzuri haijui kama iko ama haiko."

Mzee! Nina miaka arobaini na sita. Nimebeba kompyuta ya ndege, naambiwa habari za waya! Ningekuwa na shida ya waya ningemwita mtu wa waya. Nilimshukuru kwa heshima, nikaondoka na taulo langu.

Sikuugusa waya huo. Mtu lazima awe na msimamo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na jibu. Kwa nini abiria wa ndege huambiwa wazime simu? Kwa sababu simu huchanganya kompyuta! Na Rangwe kuna simu kila mfuko, tena mlingoti wa mtandao uko hapo juu tu. Injini yangu ni nzima kabisa. Inasumbuliwa na majirani.

Saa tatu nilipita sokoni nikiwaomba watu wazime simu kwa nusu saa. Wauza nyanya walikubali, kwa kuwa walitaka kuona. Wenye vibanda vya kutuma pesa walinifukuza. Mmoja alinirushia ndala, na ilinipata.

Basi nikaikinga kompyuta yenyewe. Nilichukua sufuria kubwa ya wageni, nikatoboa tundu la nyaya kwa drili, nikaitia kompyuta ndani na kufunika. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Joto tu ndilo sikulifikiria. Baada ya dakika sita kifuniko hakikushikika na injini ilikataa hata kuwaka. Ilinibidi niipepee kwa kofia hadi saa tisa.

Mochama alikuwa uani kwake akipima kwa futi kamba mahali injini itakapokaa. Alinipungia mkono. Nami nikampungia, kwa uchungu.

Nyamoita ameliona tundu. Aliliweka jicho lake hapo akanitazama kupitia humo, muda mrefu. Kisha akasema, "Baba Moraa, hii ni ya kupikia nini sasa?" Nalala na njaa, na nastahili.

Alhamisi, 7 Agosti

Imebaki siku moja. Mtu mwerevu huacha ukaidi na kubadili njia. Nimeamua kudanganya.

Niliazima spika ya kanisa kwa Mzee Orina, nikamwambia nataka kutangazia jaribio. Kwenye simu yangu kuna sauti ya injini inayonguruma bila dosari, dakika kumi na mbili. Mpango: spika chini ya kiti, turubai juu yake. Injini halisi naiacha ingurume polepole, maana hapo haikohoi. Spika ifanye kazi ngumu. Nani atajua?

Saa kumi nilifanya mazoezi. Ee Bwana, ilivuma! Mbuzi walikimbia. Nilisimama mbele ya ndege nikiwa nimekunja mikono, nikaanza kufikiria picha nitakayopiga. Ghafla ngurumo ikakatika, na kutoka chini ya kiti ukatoka wimbo wa kwaya, sauti zote nne, kwa nguvu ya kusikika Homa Bay. Simu yangu ilikuwa inaita. Wimbo huo ndio mlio niliouweka.

Nilipogeuka, Mochama alikuwa ameegemea ua. Aliuliza tangu lini injini ikabatizwa. Akasema yeye hana ubaguzi, itasaga tu hata ikiwa ya Kisabato.

Aliyepiga simu alikuwa Nyamoita, akitaka kujua kama nimeanua nguo. Nilikuwa sijaanua.

Jioni nilikaa stoo peke yangu kwenye kiti cha rubani. Nilihuzunika, naandika wazi. Watoto wa Rangwe huniita Fundi Ndege. Injini ikiondoka nitabaki fundi wa mageti. Nyamoita aliingia, akasimama kando ya bawa. Hakunigombeza. Aliuliza kama nimejaribu yote. Nikasema yote kabisa, isipokuwa upuuzi wa Hodan wa waya. Akauliza upuuzi gani. Nikamweleza. Akatoka nje na simu yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka, jua li karibu kutua. Hapana, limeshatua. Basi haya nayaandika Jumapili asubuhi, lakini nayaweka hapa mahali pake.

Nyamoita ndiye aliyemwita Hodan. Baadaye aliniambia anataka stoo yake, ndiyo, lakini hakutaka nichekwe na Mochama kila mara yeye anapoenda kusaga unga kwake. Nilimshika mkono tu.

Siku za Ijumaa, kwa ajili ya msikiti, Hodan hafungui kibanda hadi alasiri iishe, na wateja walikuwa wamepanga foleni. Alifika saa kumi na mbili kasorobo. Hakuomba kompyuta. Aliufuata waya mweusi kwa kidole hadi ulipofungwa, akafungua nati, akanionyesha. Chini yake rangi ya samawati, mikono mitatu, inang'aa. Waya wangu ulikuwa umekaa juu ya rangi, isiyopitisha umeme, muda wote huo. Injini ikienda polepole umeme ulijipenyeza kwenye uzi wa nati. Ikikazana, haukutosha, na kompyuta ilizimika na kuwaka, kuzimika na kuwaka. Hicho ndicho kikohozi.

Hodan alikwangua kwa wembe na msasa hadi chuma kikaonekana, pana kama sarafu. Akafunga, akakaza. Nilimwambia anaharibu rangi. Nyamoita alinikanyaga mguu.

Mochama alikuja na mkokoteni wa kubebea injini. Mzee Orina akatoa saa. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, na jua linatua dakika ya hamsini. Mochama akasema dakika nane si kumi. Mzee Orina akasema tuanze, mengine tutayaona mbele.

Nikawasha. Nikaongeza mafuta. Nikafumba macho. Nikaongeza tena. Ikanguruma! Safi, bila kujikwaa, panga boi likipeperusha shuka za Nyamoita kwenye kamba. Dakika ya tatu. Ya tano. Watu waliacha kucheka. Dakika ya nane jua likazama nyuma ya milima ya Ruri, na Mzee Orina akainua mkono.

Mochama akasema basi, Sabato imeingia, jaribio limevunjika, injini ni yake. Nilitaka kulia. Mzee Orina hakushusha mkono. Alisema chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa, kisha sufuria huachwa jikoni ibaki na joto, wala hakuna anayeitwa mtenda dhambi. Injini hii iliwashwa siku ya maandalizi. Iachwe jikoni. Tukasimama wote tukiangalia saa. Dakika ya tisa. Ya kumi. Haikukohoa!

Likazuka tatizo jingine. Ya kumi na moja, ya kumi na mbili, nani aizime? Nilimwambia Mzee Orina kwamba kuiacha si kazi, lakini kuizima ni kazi. Alifikiri, akakubali kwamba hana hakika. Nyamoita alikataa kugusa. Hodan alikuwa ameenda kuswali magharibi. Akabaki Mkatoliki mmoja.

Mochama akapanda. Nilimwelekeza swichi kwa maneno, si kwa kidole. Alikaa kwenye kiti. Akashika usukani. Ndege ilikuwa ikitetemeka vizuri chini yake. Hakuzima. Tulimwita mara ya kwanza, mara ya pili. Dakika ya ishirini petroli ikaisha yenyewe, naye bado amekaa, anatazama mbele. Alipoteremka aliuliza kwa sauti ndogo kama kiti cha nyuma kina mwenyewe.

Alirudi nyumbani na mkokoteni mtupu. Kabla ya kuvuka ua alimwambia Nyamoita kwamba jengo la kinu chake ni kavu na lina nafasi nyingi, mahindi yake yakae humo bure.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Siandiki. Kanisani watu wanne waliniuliza nitaruka lini. Nikatabasamu kwa unyenyekevu. Hodan ametengeneza injini ya kinu cha Mochama, nasikia, kwa saa mbili. Ana bahati na vitu vidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Siku tukufu! Sifa zimefika Migori. Asubuhi alikuja mtu anayeitwa Maroa, mkulima wa nyanya, ametoka huko na pampu ya maji kwenye pikipiki. Inawaka, ikikazana inakohoa. Amesikia kwamba mimi ndiye bingwa wa injini zinazokohoa.

Mochama alikuwepo. Ametoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja, na sasa ana miwani ya jua ya urubani. Nilimweleza Maroa taratibu, kitaalamu. Kwanza mafuta. Kisha kile kisanduku cha umeme cha pampu, kikingwe dhidi ya simu za majirani. Kisha subira, maana mambo haya hujirekebisha yenyewe mtu akiyasimamia kwa moyo mkuu, kama nilivyofanya mimi. Mochama akakohoa kidogo, akauliza je, waya. Nikacheka. Nikasema waya ni mambo ya watu wa simu.

Maroa alionekana kusitasita. Alisema nyanya zake zitakauka, labda ampelekee yule msichana wa stendi. Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia aniachie pampu yake. Isiponguruma safi kufikia Jumatano, aje achukue injini ya ndege, aifunge mtoni kwake, amwagilie nayo hadi azeeke. Nikampa mkono. Mochama amevua miwani yake na kukaa chini kwenye majani.

Nyamoita yuko mazoezi ya kwaya. Nitamwambia Alhamisi.